Jino linauma: uende leo, kesho, au linaweza kusubiri?

Wengi hufika kwa daktari wa meno siku jino limeshashindikana. Dawa za dukani zimegoma, usingizi umekata, shavu limeumuka. Hapo mara nyingi kinachobaki ni kung'oa, wakati jino hilohilo miezi michache nyuma lingezibwa kwa nusu saa na kuendelea kutafuna miaka mingi. Hivyo ukiumwa jino, swali la kujiuliza ni muda gani umebaki kabla halijaharibika kabisa. Jino lenyewe hutoa jibu, ukijua namna ya kulisoma.

Hatua ya kwanza: hakikisha si dharura

Simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, ujikague. Ukikuta hata moja kati ya haya, nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo, hata ikiwa saa nane usiku na daktari wa meno hayupo:

- Uvimbe chini ya kidevu au chini ya taya, hasa ukiwa mgumu unapoubonyeza au umeenea pande zote mbili.
- Ulimi umeinuka, mate yanachuruzika kwa sababu kumeza kunauma, sauti imekuwa nzito kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.
- Kupumua kwa shida, au kushindwa kulala chali.
- Mdomo haufunguki. Pima kwa vidole: watu wazima wengi hupitisha vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vikishindwa kupita hata viwili, na una uvimbe au homa, hilo ni jambo la hatari.
- Uvimbe umepanda hadi jicho linaanza kufumba.
- Uvimbe pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, au kuchanganyikiwa.

Uvimbe wa chini ya taya unaogopwa kwa sababu mizizi ya magego ya nyuma ya taya ya chini inashuka chini zaidi ya mahali msuli wa sakafu ya mdomo ulipojishikiza. Usaha ukitoboa mfupa upande wa ndani haumwagikii mdomoni, bali hushuka shingoni, na uvimbe wake unaweza kuziba njia ya hewa katika muda wa saa chache. Wilhelm Friedrich von Ludwig, daktari wa Ujerumani, aliieleza hali hii mwaka 1836, na hadi leo inaitwa angina ya Ludwig. Vidonge havitoshi hapo. Mgonjwa anahitaji dawa za mshipa, kufunguliwa usaha, na watu wa kulinda pumzi yake.

Kuna dharura nyingine isiyohusu jino kabisa. Maumivu ya taya ya chini yanayoanza ukipanda ngazi au kubeba mzigo na kutulia ukipumzika, au yanayokuja pamoja na kifua kubana, jasho la baridi na kichefuchefu, yanaweza kuwa ya moyo. Nenda hospitali, usitafute jino bovu.

Hatua ya pili: jua jino linakufaje

Gamba la juu la jino, yaani enameli, ni gumu na halina hisia. Chini yake kuna dentini, yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho vinavyoelekea ndani. Katikati kuna kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ndicho watu wanachokiita "mshipa wa jino". Damu ya kiini hupitia upenyo mwembamba kwenye ncha ya mzizi.

Kidole kikiumia kinavimba, na ngozi inatanuka. Kiini cha jino kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hakina pa kuvimbia. Shinikizo linapanda, damu inakwama, na kiini kinaanza kufa kikiwa ndani ya chumba chake. Ndiyo sababu jino linapwita kwa mapigo ya moyo, na ndiyo sababu huzidi usiku: ukilala, shinikizo la damu kichwani hupanda.

Kwa kawaida safari huwa hivi. Kwanza jino linasisimka kwa maji baridi au soda, kisha hutulia mara moja. Kiini kimekereka lakini kinaweza kupona. Baadaye baridi au chai ya moto huacha maumivu yanayobaki nusu dakika, dakika, hata saa nzima. Jino linaanza kuuma lenyewe bila kuguswa, linakuamsha usiku. Hapo kiini hakiponi tena, na kuziba tundu peke yake hakusaidii. Karibu na mwisho, baadhi ya watu huona kitu cha ajabu: moto unaumiza, maji ya barafu yanatuliza. Mtu anatembea na chupa ya maji baridi, akipiga fundo kila dakika chache. Hiyo ni dalili ya kiini kinachokata roho.

Kisha ghafla maumivu yanaisha. Hii ndiyo hatua inayodanganya watu wengi kuliko zote. Mtu anashukuru, anasema dawa imefanya kazi, anaendelea na shughuli. Kilichotokea ni kwamba mshipa wa fahamu umekufa, hakuna tena wa kupeleka taarifa. Vijidudu vinaendelea kushuka kwenye mzizi hadi kwenye mfupa, na baada ya wiki, miezi, wakati mwingine mwaka, maumivu yanarudi kwa sura nyingine: jino linahisi refu kuliko wenzake, kuligusa tu na lile la juu yake ni shida, ufizi unavimba. Au kinatoka kijipu kidogo kwenye ufizi kinachopasuka, kikaacha ladha ya chumvichumvi mdomoni, kisha kurudi. Kijipu hicho ni mfereji wa usaha. Hakiumi kwa sababu kinatoa usaha nje na kupunguza shinikizo, lakini jipu lenyewe lipo mfupani.

Hatua ya tatu: lipime mwenyewe

Unahitaji kioo, tochi, kijiko cha chuma, maji ya friji, na simu ya kuhesabia sekunde. Anza kila kipimo na jino zima la upande wa pili, ili ujue hali ya kawaida kwako ikoje.

*Baridi.* Chovya ncha ya kijiko kwenye maji ya barafu dakika moja, iguse kwenye jino, ondoa mara linaposisimka, kisha anza kuhesabu. Likitulia ndani ya sekunde chache, kiini kina uhai na nafasi ya kupona. Likiendelea kuuma kupita sekunde 30, kiini kimeharibika. Jino lisilohisi chochote wakati jirani zake wote wanahisi, huenda limekufa.

*Kugonga.* Gonga taratibu sehemu ya kutafunia kwa mpini wa kijiko. Jino moja likiruka kwa maumivu huku mengine yakiwa shwari, ugonjwa umefika kwenye ncha ya mzizi, au kuna chakula kilichobanwa kwenye ufizi.

*Kung'ata.* Ng'ata pamba iliyosokotwa ikawa ngumu, jino moja baada ya jingine. Maumivu makali yanayokuja pale unapoachia, kuliko unapokaza, huelekeza kwenye ufa ndani ya jino. Ufa hauonekani kwa kioo cha nyumbani, na mara nyingi hata eksirei hauonyeshi, kwa hiyo mweleze daktari hasa: "linauma nikiachia".

*Kutazama.* Tafuta tundu, kivuli cha kijivu chini ya enameli, kizibo cha zamani kilichong'oka, ufizi mwekundu. Rangi ya kahawia peke yake isikutishe. Waliokulia Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji waliyokunywa utotoni. Hayo si meno yaliyooza. Kwa upande mwingine, tundu kubwa hujificha kati ya meno mawili huku juu pakionekana pazima.

Jambo moja la kukumbuka: kiini hakijui kuelekeza vizuri. Mtu huapa kwamba ni gego la juu, kumbe ni la chini upande uleule. Maumivu karibu kamwe hayavuki kutoka kulia kwenda kushoto, lakini kati ya juu na chini yanachanganya, na yanaweza kujifanya ya sikio. Usifike kwa daktari ukaamrisha "ng'oa hili". Wapo waliong'olewa jino zima kwa namna hiyo na kurudi nyumbani na maumivu yaleyale.

Vilevile si kila maumivu ya meno ni ya meno. Magego kadhaa ya juu yakiuma kwa pamoja, upande mmoja, ukiwa na mafua, na ukiinama yanazidi, huenda ni mafua yaliyoingia kwenye mapango ya uso, yaani nafasi za hewa ndani ya mifupa karibu na pua. Maumivu kama shoti ya umeme ya sekunde chache, yanayoamshwa na kunawa uso au upepo, ni ya mshipa wa fahamu wa uso, na kung'oa meno hakuyaondoi.

Hatua ya nne: amua

*Leo au kesho asubuhi:* uvimbe wowote wa shavu au ufizi, hata bila homa (isipokuwa kijipu na ufizi wa gego la mwisho vilivyotajwa hapa chini), maumivu ya kukuamsha usiku, jino lisilogusika, maumivu yanayozidi siku ya tatu au ya nne baada ya kung'oa, jino lililovunjika likaonyesha nyama nyekundu ndani.

*Wiki hii:* baridi au moto unaacha maumivu yanayokaa, kung'ata kunauma, kijipu kinachokuja na kuondoka, ufizi uliofunika gego la mwisho umevimba na kutoa harufu, jino lililouma vibaya kisha likanyamaza lenyewe. Hilo la mwisho liweke hapa kwa makusudi, hata kama hujisikii chochote.

*Ndani ya wiki mbili tatu:* tundu linaloonekana lakini haliumi, kizibo kilichong'oka, msisimko mfupi kwenye jino moja. Hapa ndipo kuziba kunapofaa zaidi na gharama yake ni ndogo.

*Unaweza kusubiri ukiangalia:* meno mengi yanasisimka kidogo kwa baridi, bila tundu. Mara nyingi ufizi umerudi nyuma na kuacha mzizi wazi, au mswaki mgumu na mkono mzito vimemomonyoa shingo ya jino. Tumia mswaki laini na dawa ya meno ya kupunguza msisimko, asubuhi na usiku, kwa wiki nne, na usisukutue kwa maji mengi baada ya kupiga mswaki. Isiposaidia, nenda ukaangaliwe.

Kabla ya hayo yote, pitisha uzi wa meno pande zote mbili za jino linalouma. Kipande cha nyama au nyuzi za embe zilizozama chini ya ufizi huuma kama jino bovu. Kikitoka na maumivu yakaisha siku hiyohiyo, umepona. Lakini kikirudi mahali palepale kila wiki, kuna pengo au tundu hapo.

Hatua ya tano: kuvuka usiku huu

Dawa hizi hazitibu jino, zinakufikisha asubuhi. Mtu mzima wa kilo 50 au zaidi: parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari. Zinafanya kazi kwa njia tofauti, kwa hiyo kuzimeza pamoja hutuliza kuliko moja peke yake.

Usitumie ibuprofeni ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, au homa inayoshukiwa kuwa dengi. Diklofenaki ni ya familia hiyohiyo, usizichanganye. Soma pakiti pia, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya diklofenaki vimechanganywa na parasetamoli, na mtu huzidisha dozi bila kujua. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza kiwango cha parasetamoli.

Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Lala na mito miwili. Shavu likiwa limevimba, weka kitambaa chenye barafu kwa nje dakika 15, kisha pumzika dakika 15. Usiweke kitu cha moto.

Karafuu inasaidia kweli. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo hutia ganzi kiini, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Chovya kipamba kidogo kama punje ya mchele kwenye tone moja, kamua, weka ndani ya tundu kwa koleo dogo. Mafuta yakimwagika kwenye ufizi yanachoma. Huna mafuta? Tafuna karafuu moja taratibu kwa jino hilo. Watoto wadogo wasipewe mafuta hayo.

Aspirini ni ya kumeza. Ukiibandika kwenye ufizi inauchoma ukawa mweupe na kidonda. Maji ya betri, petroli na ugoro vinaua nyama ya ufizi na hata mfupa, na jino linabaki bovu vilevile. Wala hakuna mdudu wa kutolewa. Jino hutobolewa na tindikali ya bakteria wanaokula sukari, na anayekuonyesha mdudu kwenye pamba alikuja naye.

Kuhusu antibayotiki

Watu wengi hununua amoksilini chache pamoja na metronidazoli, hutumia siku mbili, maumivu yakipungua wanaacha. Kiini kilichovimba hakina damu ya kutosha ya kubeba dawa hadi ndani, na kikishakufa haifiki kabisa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa meno wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri antibayotiki zisitumike kwa maumivu mengi ya kiini cha jino kwa watu wazima wasio na homa wala dalili za mwilini, pale matibabu ya jino lenyewe yanapopatikana. Zina kazi yake: homa, uvimbe unaosambaa, kinga ya mwili iliyo dhaifu. Hata hapo ni nyongeza tu. Chanzo kiko ndani ya jino, na lazima kifunguliwe, kisafishwe au king'olewe.

Watoto na wajawazito

Usiseme "ni jino la utoto, litang'oka". Usaha wa jino la utoto unaweza kuharibu la ukubwani linalojengwa chini yake. Na kuna gego linalowaponyoka wazazi wengi: linaota karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, hivyo hudhaniwa la utoto. Hilo ni la maisha yote, nalo huoza mapema kuliko mengine.

Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Mpime mtoto, na usome nguvu ya sharubati kwenye chupa kwa kuwa hazifanani. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16. Na mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha asipelekwe kwa wanaochimbua "meno ya plastiki". Wanachotoa ni vichipukizi vya meno yake halali. Watoto wamevuja damu, wamepata maambukizi, wengine wamekufa, huku ugonjwa wa kuharisha ukiachwa bila tiba.

Mjamzito anaweza kutibiwa jino, pamoja na sindano ya ganzi, wakati wowote likiwa la haraka. Yanayoweza kusubiri hupangwa mwezi wa nne hadi wa sita, akiwa na nafuu zaidi kwenye kiti.

Kabla ya kwenda, na ukiwa kwenye kiti

Zahanati nyingi hazina kiti cha meno. Anzia hospitali ya wilaya, au ya kaunti ndogo kwa walio Kenya. Piga simu kwanza na uulize mambo matatu: eksirei ya meno ipo? Vifaa vya kuziba vipo leo? Wanatibu mzizi, yaani kusafisha kiini kilichoharibika ndani ya jino na kuliziba bila kuling'oa? Mahali pasipo na vitu hivyo, tiba pekee itakuwa kung'oa, na utang'olewa jino ambalo mji wa pili lingeokolewa. Bima nayo iulize kama inalipia kuziba na kutibu mzizi, au kung'oa tu.

Kula kabla ya kwenda. Mtu aliyefika na njaa na hofu huzimia kwenye kiti. Mwambie daktari ukiwa na kisukari, presha, ugonjwa wa valvu za moyo, mzio wa dawa, au ukitumia vidonge vya kuzuia damu kuganda. Usiache vidonge hivyo kwa uamuzi wako. Sindano ifunguliwe mbele yako, vifaa vitoke kwenye pakiti iliyopita mashine ya kuua vijidudu. Anayeng'oa meno sokoni kwa koleo la kuchovya kwenye maji anaweza kukuachia virusi vya homa ya ini B.

Ganzi hufanya kazi vizuri pasipo na usaha. Tishu yenye maambukizi ina tindikali inayodhoofisha dawa, na hapo ndipo zinapotoka hadithi nyingi za "waliningʼoa ganzi haijashika". Ukihisi maumivu, inua mkono, iongezwe.

Ukiambiwa ling'olewe, uliza: je, mzizi ukitibiwa jino linaweza kubaki? Gego la mwisho lililolala vibaya si hasara kubwa. Gego la kwanza la kutafunia ni hasara: jirani zake huinamia pengo, na la juu hushuka kulitafuta lenzake.

Baada ya kung'oa, ng'ata shashi dakika 30 bila kuchungulia. Damu ikiendelea, weka nyingine safi, ng'ata tena dakika 30, isipokoma, rudi. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Bonge la damu lililo kwenye shimo ndilo bandeji ya mfupa, na likinyonywa likatoka, mfupa unabaki wazi. Kwa kawaida maumivu hupungua kila siku. Yakigeuka na kuwa makali siku ya pili hadi ya nne, yakapanda sikioni, pakawa na harufu na ladha mbaya, usiongeze vidonge nyumbani. Rudi kwa aliyekung'oa alisafishe shimo na kuweka dawa. Mara nyingi nafuu huanza siku hiyohiyo.